Idara ya Usalama wa Taifa moja kwa moja chini ya Rais: swali la mbunge litajibiwa na nani?

#1 Karani Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nawaandikia kutoka Ipagala, Dodoma. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na ushei, karibu yote masijala: kufungua majalada, kuyapa namba, kuyapeleka kwa wakubwa, kuyafuatilia yakikaa mno mezani. Siku hizi mnawaita watunza kumbukumbu, sisi tulikuwa makarani. Sikuwahi kuwa mtu wa usalama, na sina siri ya mtu ninayokuja kuimwaga hapa. Ninachokijua ni jinsi jalada linavyotembea, na jinsi linavyopotea.

Naomba turudi kwenye jambo la mwaka 2023. Mwaka ule Bunge, hapa hapa Dodoma, lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Usalama wa Taifa. Sheria yenyewe ni Namba 15 ya 1996. Kabla ya hapo Idara ilikuwapo tangu uhuru na kazi ilifanyika, ila hakukuwa na kitabu cha sheria ambacho ungekifungua ukaweka kidole kwenye kifungu kinachoiunda. Sheria ya 1996 ilimtaja waziri mwenye dhamana ya usalama. Marekebisho ya 2023 yakaiweka Idara moja kwa moja chini ya Rais.

Wakati ule mjadala mkubwa ulikuwa juu ya kinga ya maofisa, na ulistahili. Hili la kuondoka kwa waziri katikati likapita kama mtu anayepita msibani bila kusaini daftari. Wengi walisema: si ilikuwa Ofisi ya Rais siku zote? Kuna kipi kipya? Nami siku mbili tatu nilifikiri hivyo hivyo, mpaka nilipoichukua Katiba nikaisoma tena ibara ya 63. Ibara ndogo ya (2) inasema Bunge ndicho chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ndogo ya (3) inataja njia za kufanya hivyo, na ya kwanza kabisa ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake.

Waziri, wakuu. Rais hasimami pale mbele asubuhi ya maswali na majibu. Hakuna mbunge wa Bahi wala wa Mpwapwa atakayesema "swali la nyongeza" kisha Rais anyanyuke kumjibu. Katiba yetu haikujengwa hivyo. Ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Ibara ya 46 inamkinga na mashtaka ya jinai akiwa madarakani. Kumwajibisha kumebaki mlango mmoja, ibara ya 46A, nao unataka theluthi mbili ya wabunge wote. Mlango huo ni wa kumwondoa. Wa kumwuliza tu, siku ya Jumanne, mbona kijana fulani alichukuliwa na hajaonekana, haupo.

Kwa hiyo ukikitoa chombo kwa waziri ukakiweka chini ya Rais peke yake, umekitoa mahali panapoulizika ukakipeleka mahali pasipoulizika. Na nasema haya awe Rais yeyote, aliyepo, aliyepita na atakayekuja. Simlengi mtu.

Wazee wenzangu mnakumbuka ya 1977. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa na mauaji, wakiwamo vikongwe waliouawa kwa imani za uchawi. Vyombo vikaingia na msako mkubwa mwaka 1976. Watu walikamatwa, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa vyombo. Habari zilipomfikia Mwalimu, mwanzoni mwa 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwa ameshika fimbo. Hakuwa hata Shinyanga. Alisema yaliyotokea yametokea chini ya dhamana yake, akaondoka. Pamoja naye aliondoka Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, aliyekuwa na dhamana ya usalama.

Tumsifu Mzee Mwinyi kwa lile, na tulimsifu tena alipotutoka tarehe 29 Februari 2024. Lakini leo namwomba kila mmoja amtazame yule wa pili. Chombo kilikuwa Ofisi ya Rais, ndiyo, lakini palikuwa na kiti katikati na mtu amekikalia, jina lake linajulikana. Makosa yalipofanyika kiti kile kiliwaka moto, na aliyekikalia akatoka. Sasa tujiulize: mambo ya 1976 yakitokea chini ya utaratibu wa 2023, nani ataandika barua ya kujiuzulu?

Nitaendelea kesho. Nina kisa cha masijala nataka kukisimulia, ila kinataka utulivu.

#2 Kijana wa Chimwaga

Mzee shikamoo. Nimesoma na nimekuelewa, ila naomba nipingane na wewe kwa adabu. Mimi nasomea mambo ya utawala hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Taarifa ya usalama ni kama maziwa, ukiipitisha kwenye vyombo vingi inaganda. Mkurugenzi akijua leo saa nne usiku kuna jambo linapikwa mpakani, aanze kumtafuta waziri, waziri yuko jimboni kwenye harambee, simu haishiki? Na la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: waziri ni mwanasiasa. Ana wapinzani ndani ya chama, ana jimbo, ana ndoto ya kupanda. Unampa mtu wa namna hiyo ufunguo wa kabati la siri za nchi? Na je, Idara ikiwa inamchunguza waziri huyo huyo au rafiki yake, taarifa ipite kwake? Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, yeye ndiye kachaguliwa na nchi nzima. Bora impelekee yeye.

#3 Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hoja zako zote mbili nzito, na hiyo ya waziri kuchunguzwa na watu anaowasimamia ndiyo iliyoninyima usingizi mimi pia. Nikujibu kwa mfano wa wenzetu ambao walifanya safari hii kwa kuelekea upande wa pili.

Uingereza chombo chao cha usalama wa ndani, MI5, kilikuwa kinawajibika kwa Waziri Mkuu. Septemba 1952 Waziri wa Mambo ya Ndani, David Maxwell Fyfe, alimwandikia Mkurugenzi Mkuu waraka mfupi: kuanzia sasa unawajibika kwangu. Walikitoa juu wakakishusha kwa waziri. Waraka ule ukasema pia chombo hakitafungamana na siasa. Halafu, hapa ndipo jibu lako lilipo, Mkurugenzi alibaki na haki ya kumwona Waziri Mkuu ana kwa ana jambo likimlazimu.

Umeona walivyofanya? Mlango wa dharura wa kwenda juu uliachwa wazi. Saa nne usiku akiwa na la mpakani anapiga simu juu, hamsubiri mtu atoke harambee. Ikiwa anayechunguzwa ni waziri mwenyewe, anapita mlango huo huo. Lakini kazi za kila siku, bajeti, mwenendo wa watumishi, malalamiko ya wananchi, zina waziri anayezibeba na kuzitolea majibu bungeni. Nikuongezee kwamba waraka ule haukuwa sheria. Waliishi nao miaka 37, sheria ya Bunge ikaja 1989. Kwa hiyo sisemi wao walikuwa malaika. Nasema walijua kutenganisha mtu wa kupelekewa habari na mtu wa kuulizwa. Sisi tumewaweka mahali pamoja.

Kwamba waziri ana siasa zake, kweli anazo. Rais naye ana chama, naye ana uchaguzi kila miaka mitano. Siasa hazikuondoka kwa kupanda ngazi moja. Aliyeondoka ni mtu wa kuulizwa.

#4 Wakili Makole

Mleta uzi umeandika vizuri. Niongeze la kisheria kwa faida ya wasomaji. Sheria ya 1996 ilivyopitishwa ilikuwa na kifungu cha 5(2) ambacho watu wengi hawakijui. Kilisema si kazi ya Idara kutekeleza hatua za usalama, yaani kukamata na mambo ya namna hiyo. Na kikasema si kazi yake kumfuatilia mtu kwa sababu tu anashiriki maandamano halali, au anapinga jambo linalohusu Katiba, sheria au Serikali. Kumbuka sheria ile ilitungwa miaka minne tu baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, na Tume ya Jaji Nyalali, ile iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, ilikuwa imeshaorodhesha sheria 40 kandamizi. Hewa ya wakati ule imo ndani ya kifungu kile.

Swali langu kwa Kijana wa Chimwaga: kifungu kizuri kama hicho kikivunjwa na ofisa mmoja huko wilayani, mbunge wako anamwuliza nani? Sheria bila mtu wa kuulizwa ni kama geti lisilo na mlinzi.

#5 Mwalimu wa Kondoa

Karani, umewasahau wengine wa 1977. Wakuu wa mikoa wote wawili nao walijiuzulu, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Na halikuishia kwa wanasiasa. Baadhi ya maofisa wa polisi na usalama walifikishwa mahakamani. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na tuliambiana staff room kwamba nchi hii ina wenyewe. Sikusikia tena kitu cha namna ile mpaka nimestaafu.

#6 Karani Mstaafu

Mwalimu, ahsante kwa kunikumbusha, na ni kweli niliwaruka. Wakuu wa mikoa wawili na mawaziri wawili. Ukiwapanga hivyo unaona mstari wa dhamana ulivyoshuka kutoka wizarani mpaka mkoani, kila ngazi na mtu wake.

Sasa kile kisa. Sitataja wizara wala mwaka, na ofisi zile mbili sitaki zijulikane, kwa sababu watu wake walikuwa wazuri na hawakutaka baya.

Kuna kitengo kimoja kilichokuwa kinapokea malalamiko ya wananchi kuhusu watumishi fulani. Kilikuwa chini ya ofisi yetu. Baraza jipya la mawaziri lilipotangazwa, ikatoka hati ya mgawanyo wa majukumu, na kitengo kile kikahamishiwa kwenye ofisi kubwa zaidi, ya juu zaidi. Tulifurahi. Tulisema sasa malalamiko ya watu yatafika kwa wakubwa wenyewe. Siku ya kuhama lilikuja pikapu moja. Majalada tuliyafunga kwa kamba ya katani, mengine tukayatia kwenye magunia ya mahindi kwa sababu maboksi yalikwisha. Nilisimama mlangoni na daftari la dispachi nikitaka kila jalada lisainiwe linapotoka. Dereva ana haraka, mkubwa wetu akasema, "Karani, hawa ni watu wetu, wanahamia juu tu, saini moja kwa wote inatosha." Yakasainiwa kwa jumla: "Majalada ya kitengo, gari moja." Nilifanikiwa kusainisha mafungu mawili tu, yale niliyoyatoa mimi mwenyewe kwa mkono asubuhi kabla mkubwa hajafika.

Wiki tatu baadaye akaja mama mmoja kutoka Bahi. Mjane, amefunga kanga mbili, mkononi ana bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Alikuwa amelalamika juu ya mtumishi aliyechukua mali ya marehemu mumewe, tuliwahi kumpa barua ya kukiri kupokea, ina namba ya jalada. Nikamwambia mama, suala lako limehamia ofisi ya juu, nikamwelekeza. Baada ya siku kumi karudi. Kule wamemwambia hawajapokea, arudi huku. Nikamwandikia kikaratasi. Akaenda. Mara ya tatu alikuja na mjukuu wa kumshika mkono, akaketi kwenye benchi nje ya masijala, wala hakuniuliza kitu. Alikaa tu pale.

Nilimwendea mkubwa wangu. Akasema si letu tena. Ni kweli halikuwa letu tena, karatasi inasema hivyo. Nikapiga simu kule juu, karani mwenzangu akaniambia: "Kaka, huku anayeweza kulijibu ni mkubwa mwenyewe, na mkubwa hawezi kusumbuliwa na jambo la mtu mmoja." Hakuwa na kiburi. Alikuwa anaeleza ukweli wa ofisi yake. Walikuwa wameondoa ile meza ya katikati iliyokuwa inapokea, inasaini, na inaweza kukaripiwa na mkubwa ikichelewa. Juu kule palibaki meza moja tu, na meza hiyo ilikuwa kubwa mno kwa mama wa Bahi kuifikia.

Ndiyo maana niliposoma marekebisho ya 2023 nilimwona yule mama kwenye lile benchi.

#7 Mama Ipagala

Baba karani, mimi si msomi wa sheria, nauza mboga soko la Majengo. Umeniliza na huyo mjane. Nauliza swali la kawaida. Mimi leo mwanangu akichukuliwa na watu waliovaa nguo za kiraia, gari halina namba inayoeleweka, naanzia wapi? Kituoni wakisema hatunaye, naenda kwa nani?

#8 Wakili Makole

Mama, pole kwa wazo hilo, Mungu aliepushe. Nikujibu kadiri sheria inavyosema. Nenda kituo cha polisi uandikishe taarifa na udai namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Tafuta wakili au shirika la msaada wa kisheria ufungue shauri Mahakama Kuu la kutaka mtu afikishwe mahakamani, ama ashikiliwe kwa amri halali ama aachiwe. Na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ofisi zake ziko hapa Dodoma, unaweza kupeleka malalamiko bila kulipa.

Ila kwa ajili ya mjadala huu niseme mipaka. Tume haina mamlaka ya kumchunguza Rais. Kwa hiyo kadiri chombo kinavyosogezwa karibu na kiti cha Rais, ndivyo mkono wa Tume unavyokuwa mfupi. Mahakamani, tangu marekebisho ya sheria mwaka 2020, shauri la haki za msingi linalomhusu Rais, Makamu, Waziri Mkuu, Spika au Jaji Mkuu linafunguliwa dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Anajibu mwanasheria, kwa niaba ya watu ambao hawatapanda kizimbani.

#9 Kijana wa Chimwaga

Mzee, nimeguswa na kisa cha mama wa Bahi, sikatai. Lakini mbona Afrika Kusini nao wamepeleka chombo chao kwa Rais, na wale tunawahesabu wana katiba nzuri kuliko zote Afrika? Si inaonyesha tatizo si nani anakishika?

#10 Karani Mstaafu

Umetaja mfano ambao nilitaka kuuleta, na ni mzuri kwa sababu unaweza kuuangalia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 2009, enzi za Jacob Zuma, waliunganisha vyombo vyao vya ndani na vya nje kuwa wakala mmoja, SSA, chini ya wizara yake. Mambo yakaharibika. Mwaka 2018 Rais Ramaphosa akaunda jopo, mwenyekiti Sydney Mufamadi, na taarifa iliyotolewa Machi 2019 ikasema wazi kwamba chombo kilikuwa kimegeuzwa kutumikia makundi ya kisiasa na maslahi ya watu. Kwa hiyo kuwa na waziri peke yake hakukuwakinga, nakupa hiyo bila ubishi. Waziri akiwa mtu wa kundi la Rais, kiti kipo lakini kimekaliwa na kivuli.

Ikaja Julai 2021, ghasia za KwaZulu-Natal na Gauteng, zaidi ya watu 350 wakafa. Mawaziri wakabishana hadharani kama taarifa ya kiintelijensia ilitolewa au haikutolewa. Waziri mmoja anasema nilitoa, mwenzake anasema sikupokea. Tarehe 5 Agosti 2021 Ramaphosa akaifuta Wizara ya Usalama wa Nchi, SSA ikaenda Ofisi ya Rais.

Kilichofuata ndicho nataka ukitazame. Machi 2023 Rais huyo huyo alimteua Khumbudzo Ntshavheni kuwa Waziri katika Ofisi ya Rais, na usalama wa nchi ukawa mikononi mwake. Kiti kilirudi chenyewe, kwa sababu Bunge lao linahitaji mtu wa kumwita. Na hata katika kile kipindi cha katikati walikuwa na vitu ambavyo sisi hatuna: Inspekta Mkuu wa Intelijensia anayetajwa kwenye ibara ya 210 ya katiba yao, na kamati ya pamoja ya Bunge inayokaa kwa ajili ya intelijensia tu. Ukiondoa nguzo moja kwenye nyumba yenye nguzo nne, paa linapinda. Sisi nyumba yetu nguzo ya katikati ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. Kamati yetu ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama ina mengi mno mezani, na yenyewe inamwita waziri.

Kenya hapa jirani, mwaka 2023 Rais alipompendekeza Noordin Haji kuongoza NIS, idara yao ya ujasusi, Bunge lilimhoji kabla hajaapishwa. Wananchi wakamsikia akijibu kwa sauti yake. Sisi kati ya Januari 2023 na Julai 2024 Idara ilipata wakuu wapya watatu: Said Massoro, Balozi Ali Siwa, kisha Suleiman Mombo. Huenda kila badiliko lilikuwa na sababu njema. Mimi sina kesi na yeyote kati yao. Nachosema ni kwamba hakukuwa na ukumbi wowote ambamo mtu aliyechaguliwa na wananchi angeweza kuuliza: kwa nini, na huyu mpya ana sifa gani?

#11 Mtu wa Nzuguni

Mleta uzi, nami nilikuwa mtumishi, sehemu sitaisema. Nakubaliana na mengi ila usiwasahau vijana wenyewe wanaofanya kazi hizo. Wengi ni waadilifu, wanalala nje ili ninyi mlale ndani. Kwao hili nalo lina maana. Ukiwa na waziri juu ya mkurugenzi, amri ya ajabu ikija inapita mikono miwili, na kila mkono unaweza kusema hapana, au walau kusema niandikie. Ikitoka juu kabisa moja kwa moja, kijana wa chini anasema hapana kwa nani?

#12 Karani Mstaafu

Ndugu wa Nzuguni, ulichoandika kingeweza kuwa uzi peke yake. "Niandikie." Neno hilo limewaokoa watumishi wengi wa serikali hii, nimeliona kwa macho. Mkubwa akitoa agizo la mdomo, mtumishi mwenye busara anaandika dokezo: "Kama ulivyoelekeza leo saa tano asubuhi..." Akishaandika hivyo jalada lina folio, yaani karatasi yenye namba yake ndani ya jalada, na folio haifutiki. Mara ngapi nimeona agizo baya likifa palepale, kwa sababu tu aliyelitoa aliambiwa alitie saini.

Basi niseme ninachokitaka, maana Kijana wa Chimwaga ana haki ya kuniuliza. Nataka sheria irudishe waziri mwenye jina, mwenye dhamana ya usalama, anayejibu bungeni. Hata akiwa ndani ya Ofisi ya Rais kama alivyokuwa Siyovelwa, sawa. Mkurugenzi abaki na haki ya kumwona Rais wakati wowote. Maagizo kwa Idara yawe ya maandishi, hata kama maandishi hayo yatafungiwa kwenye masijala ya siri kwa miaka mingi. Kufungiwa si kupotea. Na anayependekezwa kuiongoza ahojiwe na kamati ya Bunge, ikibidi milango imefungwa. Hakuna hata moja hapo linalofichua siri ya nchi.

Watu wanasema tusizungumze mambo ya usalama. Mimi nazungumza mambo ya meza na saini. Nimezunguka nayo miaka thelathini.

#13 Mama Ipagala

Baba karani, hujamaliza. Yule mama wa Bahi aliishia wapi?

#14 Karani Mstaafu

Nilidhani hakuna atakayeuliza, mama.

Siku ile aliyokaa kwenye benchi nilirudi masijala nikalifungua daftari la dispachi. Namba ya jalada lake ilikuwa kwenye fungu la kwanza, moja ya yale mafungu mawili niliyoyasainisha mwenyewe asubuhi. Mbele ya namba kulikuwa na saini na jina la aliyepokea, kijana mmoja, karani mpya wa kule. Nikachukua daftari kwapani nikaenda nalo kwa miguu, kutoka kwetu mpaka kule. Nilimkuta. Nilipomwonyesha saini yake alinyamaza kidogo, akasema, "Hii ni ya kwangu." Akaingia stoo. Tulifungua magunia pamoja, vumbi limejaa, mpaka saa kumi na nusu jioni. Jalada lilikuwa chini ya gunia la nne.

Baada ya hapo lilitembea kama majalada yanavyotakiwa kutembea, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu mmoja anayejulikana kuwa analo. Miezi miwili baadaye barua ya majibu ilitoka. Mali haikurudi yote, ilirudi sehemu.

Mama alikuja kuichukua pale kwetu, alituzoea. Hakujua kusoma. Nikamsomea barua yote, akasikiliza macho chini. Nilipofika mwisho akaniuliza ni nani aliyeandika. Nikamsomea jina lililo chini ya saini. Akaniomba nimwandikie jina hilo kwa herufi kubwa juu ya ile bahasha yake ya kaki, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga, akaondoka kuwahi gari la Bahi.

Yale majalada mengine, yaliyotoka kwa saini ya jumla, sikuulizwa tena habari zake mpaka nastaafu.